Kuezua nyumba ya mama

Fundi alishuka ngazi na bati moja begani, akaliegemeza kwenye ukuta wa uani, akapangusa jasho, kisha akalinyanyua tena akaliweka kati ya macho yangu na jua. "Hesabu mwenyewe, mwalimu."

Nilihesabu matundu hadi kumi na saba nikaacha. Mengine yalikuwa ncha ya sindano, mengine yangepitisha kidole cha mtoto, na karibu yote yalizunguka mahali palipopigwa msumari, kama tone la wino lililosambaa kwenye karatasi. Ukingoni, pale bati moja linapolalia jingine, nilibonyeza kwa kidole gumba. Likameguka kama mkate mkavu.

Bati hilo nililinunua mimi. Ilikuwa mwaka 2013, nina miaka minne kazini, nimepata mkopo wangu wa kwanza, na jambo nililolitamani kuliko yote lilikuwa kumwezekea mama nyumba. Nilichagua rangi ya maruni kwa sababu ilipendeza. Mtaa mzima ulisifu. Miaka kumi na moja baadaye nyumba ilikuwa inavuja sehemu tisa, na mama alikuwa anajua kwa kichwa ndoo ipi inakaa wapi.

Tangu tumalize kuezeka upya, watu wananisimamisha njiani kuniuliza tumenunua bati gani. Jibu la neno moja sina. Nina hili refu.

Nyumba ya mama iko Sahare, hapa Tanga, mwendo wa dakika tano kwa mguu hadi zinapoegeshwa ngarawa. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: ukumbi katikati, baraza mbele, uani nyuma. Kuta ni za miti, mawe na udongo, zikapigwa chokaa, na baadaye saruji. Marehemu babu aliiezeka kwa makuti ya viungo juu ya boriti na makombamoyo, ile miti myembamba ya paa, ya mikoko. Marehemu baba aliyaezua makuti mwaka 1987, akapiga bati nyeupe za migongo midogo, zile nene za zamani ambazo mtu mzima akizikanyaga hazibonyei. Bati za baba zilikaa miaka 26, na hata tulipozitoa zilikuwa na kutu ya juujuu tu. Nilizitoa kwa sababu zilikuwa zimechakaa machoni. Zangu zikakaa miaka 11. Mvua ni ileile, upepo ni uleule, bahari haikuhama. Hilo lilinikera sana, na ndilo lililonifanya safari hii nisikimbilie dukani.

Kilichotusukuma ni kimbunga Hidaya. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inatoa tahadhari kwa pwani yote. Tanga hatukupata yaliyowafika wenzetu wa Mafia na Kilwa, lakini usiku ule mimi na mama tulikaa ukumbini tukisikiliza bati za upande wa kusini zikipiga kelele kwenye misumari yake, juu chini, juu chini, kama mtu anayejaribu kufungua kopo. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo fundi alinieleza baadaye kwa utaratibu: upepo mkali hauliangushi paa, hulinyanyua. Ukipita juu ya nyumba huvuta bati kwenda juu, na ukiingia chini ya upenu husukuma kutoka chini. Msumari uliolegea kwenye tundu lililoliwa na kutu unashikilia nini?

Mama hakulia wala hakuogopa. Alisema tu, "Baba yako angekuwa hai angekuwa juu ya ngazi saa hizi." Nikamshukuru Mungu hayupo juu ya ngazi saa hizo.

Mvua zilipokatika tukakaa kikao uani. Mjomba alikuja na mawazo yake tayari. "Dada, weka vigae. Vigae ni nyumba ya mtu mzima." Mdogo wangu, ambaye anafanya kazi Dar es Salaam, akataka paa la kuficha, lile ambalo ukuta unapandishwa juu kuzunguka nyumba na bati linalala ndani halionekani. Mimi nilikuwa na bati kichwani lakini sikujua lipi. Mama aliwasikiliza wote, akamenya muhogo wake hadi ukaisha, kisha akasema, "Mimi nataka nilale."

Tukamwangalia.

"Kuanzia Desemba hadi Machi silali chumbani. Mnajua. Natandika mkeka barazani mpaka saa saba za usiku, chumba kipoe. Mna miaka mnaniona."

Nilikuwa namwona, kweli. Nilidhani anapenda kupunga upepo. Miaka kumi na moja mama yangu alikuwa anafukuzwa chumbani kwake na bati la maruni nililomzawadia, na sikuwahi kumuuliza. Nilimpa paa la kutazamwa na wapita njia, wakati anayeishi chini yake ni yeye. Kuanzia kikao kile kila nililolisikia dukani au kwa fundi nililipima kwa maneno yake: je, atalala?

Vigae nilivipima kwa dhati, kwa heshima ya mjomba. Pwani yetu inavijua tangu zamani. Vile vyekundu vya udongo wa kuchomwa vilivyo kwenye majumba ya kale vingi vililetwa kwa vyombo vya baharini kutoka Mangalore, India, ambako Wamisionari wa Basel, Uswisi, walifungua kiwanda chao cha kwanza cha vigae mwaka 1865. Kigae cha udongo hakioti kutu, chumvi haikiumizi sana, na chini yake kuna ubaridi na ukimya mvua ikinyesha. Tatizo ni uzito. Mita moja ya mraba ya vigae hufika kilo 40 au zaidi. Bati ni kilo tatu na ushei. Mapaa ya nyumba yetu yana mita za mraba 140 hivi, kwa hiyo tungeweka zaidi ya tani tano na nusu juu ya kuta za udongo alizozijenga babu. Fundi alipigapiga ukuta wa chumba cha mwisho kwa kiganja, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mjomba mwenyewe aliona, na hakulirudia.

Paa la kuficha nililikataa kwa sababu nyingine, na hapa nitasema wazi kwamba silipendi mahali pa mvua kama Tanga. Mji huu hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na masika inaweza kumwaga nyingi kwa usiku mmoja. Ukilificha bati nyuma ya ukuta, lazima ulilaze karibu bapa, na maji yote yanaelekea kwenye mfereji ulio ndani ya nyumba yako badala ya kudondoka nje. Jani la mwembe likiziba tundu moja, mfereji unakuwa bwawa, na bwawa liko juu ya kitanda chako. Tena unapoteza upenu. Upenu ndio unaokinga ukuta usilowe na dirisha lisipigwe na jua la saa tisa.

Mdogo wangu akasema wazee wetu nao walijenga mapaa bapa. Ni kweli, na alinifurahisha kulikumbuka. Ukienda magofu ya Tongoni, kusini mwa mji kwenye njia ya Pangani, unaona vyumba vyembamba vya mawe ya matumbawe. Wembamba ule ulitokana na boriti: mti wa mkoko hauendi mbali, kwa hiyo upana wa chumba ulikatwa na urefu wa mti. Juu ya boriti walipanga mawe, wakamimina chokaa na kokoto, wakaiponda kwa siku nyingi hadi ikashikana. Paa lile waliliita sakafu, neno ambalo siku hizi tumeliacha chini ya miguu. Lakini sakafu ile ilikuwa nene na nzito, na jua lilichukua mchana kutwa kuipenya. Bati lisilofika nusu milimita likiwekwa bapa halifanani nayo kwa lolote isipokuwa sura.

Makuti, basi? Mama aliyataka. Hakusema, lakini alipokuwa anasimulia nyumba ya babu sauti yake ilibadilika. Makuti hayapigi kelele, yanapumua, na hewa ya moto inapenya kutoka yenyewe. Moshi wa jikoni uliokuwa unawaudhi wageni ulikuwa dawa yake, uliwafukuza wadudu. Ila kuti zuri lililoezekwa kwa mwinamo mkali, nyuzi 45 hivi, linakupa miaka mitano, sita, ukibahatika zaidi, kisha unaanza upya. Na minazi imepungua. Ugonjwa wa kunyong'onyea umeangusha mashamba mengi ya pwani hii. Halafu moto. Nyumba zetu Sahare zimebanana, nyaya za umeme zinapita ukuta hadi ukuta. Cheche moja ya jirani na hatuna nyumba. Mama aliposikia hilo la moto alisema mwenyewe, "Basi bati." Nikaona amemeza kitu.

Kwa hiyo ni bati. Lakini bati gani, hapo ndipo nilipokuwa sijui chochote, na nadhani wengi wetu hatujui. Tunauliza mambo mawili dukani: rangi na bei. Wanaojua zaidi wanauliza geji, yaani namba ya unene wa bati.

Tuanze na geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 32 ni jepesi kuliko 30, na 30 ni jepesi kuliko 28. Geji 30 ni kama theluthi moja ya milimita. Geji 28 huwa milimita 0.35 hadi 0.38 hivi kulingana na jedwali linalotumika. Tofauti inaonekana ndogo mpaka umwone fundi anakanyaga. Lakini geji peke yake haikuambii litaishi muda gani karibu na bahari. Bati la baba lilikuwa nene, ndiyo, ila kilicholilinda hasa ni kile kilichopakwa juu ya chuma.

Chuma tupu kikikutana na hewa ya Sahare hakina maisha. Kinachokilinda ni zinki. Njia ya kukichovya chuma ndani ya zinki iliyoyeyuka ilisajiliwa Ufaransa na Stanislas Sorel mwaka 1837, miaka minane baada ya Henry Robinson Palmer, mhandisi wa gati za London, kusajili bati la mawimbi. Zinki haikai pale kama rangi tu. Inajitoa mhanga: palipo na mchubuko, zinki ya jirani inaliwa kwanza ili chuma kisiliwe. Ndiyo maana bati la zamani lenye zinki nyingi linakwaruzwa, linatobolewa misumari, na bado linadumu. Zinki ikiisha, chuma kinaanza, na chuma hakichukui muda.

Chumvi inaiharakisha kazi hiyo. Mawimbi yakipasuka hurusha matone madogo mno, upepo wa kusi na wa kaskazi unayabeba, yanatua juu ya paa, yanakauka, yanaacha chumvi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa hata siku isiyo na mvua, kwa hiyo bati linakuwa na majimaji usiku kucha bila wewe kujua. Hili ndilo fundi alinionyesha kwenye zile bati zangu, nami nisingeliamini kama nisingelishika: upande wa juu, unaooshwa na mvua, ulikuwa na hali nzuri kuliko upande wa chini wa upenu na ile sehemu ya kulaliana. Mvua inasuuza chumvi. Pasipofikiwa na mvua, chumvi inalundikana. Tulizoea kuogopa maji, kumbe mahali pabaya zaidi ni pale maji ya mvua yasipofika.

Siku hizi kuna bati la mchanganyiko wa alumini na zinki, ambalo mafundi wengi wanaliita aluzinki. Kwa uzito, mchanganyiko wenyewe ni alumini asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6, na lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1972. Alumini inajenga ngozi ngumu inayozuia hewa, zinki inalinda kingo na mikwaruzo. Kwa pwani, kwa unene uleule, hulishinda bati la zinki peke yake. Lakini hata hapo kuna swali ambalo sikuwahi kulisikia likiulizwa katika duka lolote: madini gramu ngapi? Kiasi cha mchanganyiko hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja. Bati lililoandikwa AZ150 lina gramu 150. Yapo yenye chini ya nusu ya hapo, na ukiyatazama yanang'aa vilevile, kwa rangi ileile. Rangi haikuambii kitu.

Bati la alumini tupu ndilo linaloishi zaidi kando ya bahari. Bei yake ilizidi mfuko wetu, nikaliacha.

Nilizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi Ngamiani siku mbili, nimebeba mikromita, kifaa cha kupimia unene, niliyoazima kwa mwenzangu anayefundisha ufundi. Duka la kwanza kijana alinipokea vizuri, akanifungulia kitabu cha rangi. Nilipouliza gramu akanitazama kama nimeuliza bei ya dhahabu. Si kosa lake, hakuna aliyemfundisha. Duka jingine, ambalo silitaji, waliniambia bati lao ni geji 28. Niliomba kipande, nikakibana kwenye mikromita pamoja na rangi yake: milimita 0.29. Nikapima sehemu tatu. Ileile. Mwenye duka akasema, "Dada, hiyo ni geji 28 ya soko." Nilisikitika kuliko kukasirika, kwa kuwa nilijua ndivyo nilivyouziwa 2013, na ndivyo anavyouziwa leo mtu mwingine aliyekusanya fedha za kikoba miaka mitatu.

Duka la tatu walikuwa na bati lenye maandishi yaliyochapwa upande wa chini: kiwanda, unene, kiwango cha madini. Nikapima, likalingana. Ukienda dukani geuza bati usome upande wake wa chini. Na ukipewa karatasi ya dhamana isome hadi mwisho, maana dhamana nyingi zina mstari unaoziacha nje nyumba zilizo karibu na bahari. Miaka ishirini iliyoandikwa kwa herufi kubwa inaweza isikuhusu wewe wa Sahare.

Tukaja kwenye rangi. Hapa nilifanya jaribio dogo ambalo naona fahari nalo. Nilichukua kipande cha bati la zamani la maruni, nikakiosha vizuri, nikakilaza uani karibu na kipande kipya cha rangi ya maziwa. Saa saba mchana nikamwita mama. Akaweka kiganja kwenye la maziwa, akakiacha pale. Akahamia la maruni, akautoa mkono upesi akapuliza vidole. "Kumbe mimi nalala chini ya kikaango," akasema. Rangi iliyoiva hunywa jua; nyeupe na zinazoikaribia hulirudisha sehemu kubwa. Mtaa ulishangaa tulipochagua rangi ya maziwa, mmoja akasema itachafuka. Itachafuka, mvua itaiosha.

Rangi peke yake haitoshi lakini. Bati hata jeupe ni jembamba, joto linalopenya linahitaji mahali pa kutokea. Nyumba ya babu haikuwa na shida hiyo, kwa sababu kuta za ndani hazikufika juu na hewa ilipita chini ya makuti. Sisi tulipoweka dari miaka ya nyuma tuliziba kila kitu, tukawa na chumba cha moto kilichofungwa juu ya vichwa vyetu. Nyumba hii ina mapaa mawili, la mbele na la nyuma, na visusi viwili, zile pande fupi za ubavuni mwa paa. Kisusi ni neno la baba, sijui wangapi bado wanalitumia. Tulimwambia fundi afungue matundu marefu kwenye kila kisusi na chini ya upenu, tukayapiga wavu mwembamba popo wasiingie. Hewa inaingia chini, inapanda, inatokea visusini. Saa kumi jioni ukisimama kwenye ngazi na kuweka mkono mbele ya tundu la kisusi unasikia upepo wa moto ukikupiga kiganjani.

Kazi tuliifanya Agosti, kipupwe, mbingu kavu. Boriti za mikoko za babu zilikuwa nzima karibu zote. Zilizooza zilikuwa nne, zile zilizolowa chini ya uvujaji wa miaka mingi. Mikoko haikatwi ovyo siku hizi, ni msitu wa hifadhi na unahitaji kibali, kwa hiyo kwa kenchi mpya, zile fremu zinazobeba paa, na papi, zile mbao zinazofungiwa bati, tulitumia mbao za msonobari zilizotiwa dawa. Fundi alikataa kuziezeka zikiwa mbichi. Akaziacha kivulini zikauke, kwani dawa ile ina shaba, na shaba ikiwa na unyevu huila zinki na alumini. Nilidhani ananichelewesha. Nimeshajifunza kumwomba radhi.

Fundi huyu ni mzee wa Makorora, anakuja kwa baiskeli na nyundo imefungwa nyuma kwa mpira. Aliwakataza vijana wake mambo mawili kwa ukali. La kwanza, hakuna kukata bati kwa grinda. Cheche zinaunguza madini pembezoni, na zile chenga za moto zinazotua juu ya bati zinaota kutu wiki ileile. Wakakata kwa mkasi, wakafagia paa kila jioni. La pili, hakuna msumari. Kila bati lilifungwa kwa skrubu yenye washa ya mpira, juu ya mgongo wa bati na si bondeni ambako maji yanapita, na skrubu isikazwe hadi mpira ukatoka nje kama ulimi. "Ukikaza mno unaua mpira, usipokaza unaacha tundu," alimwambia kijana mmoja, akaifungua akaikaza upya mwenyewe, taratibu, mpaka mpira ukajaa tu. Nilikaa nikamtazama akirudia hivyo skrubu baada ya skrubu. Mtu aliyeweka bati zangu za 2013 alimaliza nyumba nzima kwa siku mbili. Huyu alichukua sita.

Kenchi zikafungwa ukutani kwa mikanda ya chuma, kwa kumbukumbu ya Hidaya.

Kitu kimoja hatukukipanga, kikaja chenyewe. Mama alikuwa amenyamaza tangu siku ya makuti. Siku ya tano ya kazi, fundi alipokuwa anakunywa chai, akamwuliza, "Mama, kile kibanda cha uani tunakiezeka nini?" Ni kibanda kidogo, nguzo nne, mbali na nyumba na mbali na nyaya, mahali anapokaa kupepeta mchele na kuongea na majirani. Mama akanitazama mimi. Nikamwambia fundi, makuti. Makuti mia mbili na kidogo yakaja na gari dogo kutoka Muheza, na mama aliyakagua moja moja, akayakataa kumi na moja. Alimsimamia kijana wa kufunga tangu la kwanza hadi la mwisho: kamba ya usumba iwe wapi, kuti lilale vipi juu ya mwenzake. Sikujua kwamba anajua kuezeka. Wanawake wa nyumba ile ndio waliokuwa wakisuka makuti kila kiangazi, akaniambia, babu alikuwa anapanda kuyafunga tu.

Tumeweka pia gata na tangi. Hesabu yake ni rahisi na ningependa kila mtu aijue: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukiitazama nyumba yetu kutoka juu, imefunika ardhi mita za mraba 120. Mvua ya milimita 20, ambayo Tanga ni mvua ya kawaida ya asubuhi, ni lita 2,400. Toa zinazorukia nje na kumwagika, bado unabaki na karibu 2,000. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi hatuikingi, hiyo ni ya kuosha vumbi na mavi ya ndege. Inayofuata mama anaipikia chai.

Vuli ikapita bila ndoo hata moja ukumbini. Mvua kubwa ikinyesha kelele bado zipo, bati ni bati. Shuleni kwangu tunasimamisha somo kabisa. Nyumbani dari imepunguza, lakini mama huongeza sauti ya redio.

Januari nilikwenda kulala kwake kwa makusudi. Ilikuwa moja ya siku zile za kaskazi ambazo hata kuku wanalala chini ya mwembe midomo wazi. Saa nne usiku nikatoka barazani nikidhani nitamkuta. Mkeka ulikuwa umekunjwa, umesimamishwa nyuma ya mlango. Nikasikia anakoroma chumbani.

Zile bati za maruni tuliwauzia wanunuzi wa chuma chakavu, isipokuwa sita ambazo mama alizishikilia kwa ajili ya banda la kuku. Mwezi uliopita fundi alikuja kukagua, kama tulivyokubaliana, kila kaskazi inapokwisha. Alipanda, akapita mgongo kwa mgongo akigusa kila skrubu, akasuuza chini ya upenu kwa maji ya tangi. Amebadilisha skrubu mbili. Mama alimshikia ngazi.